Picha za mtoto na familia: Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda studio

PICHA ya mtoto mchanga akiwa na wazazi wake haipigwi mara mbili. Mtoto hukua, bibi na babu hawadumu, na simu iliyobeba kumbukumbu zote huweza kuibwa ndani ya daladala siku moja ikaondoka nazo. Ndiyo maana zipo familia za Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta ambazo bado hutenga siku na fedha kwa ajili ya mpigapicha, ingawa simu zenye kamera zimeenea.

Utamaduni huo si mgeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Mjini Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na picha za familia zilizopigwa humo zimekuwa sehemu ya historia ya Mji Mkongwe. Hata hivyo, si kila familia hurudi na picha inayoridhisha. Mara nyingi tatizo si kamera, bali ni maandalizi.

Umri na siku ya kupiga picha

Katika wiki mbili za kwanza mtoto hulala muda mrefu, hivyo ni rahisi kumpiga picha akiwa amejikunja. Lakini kwa familia zinazofuata desturi ya mama na mtoto kukaa ndani hadi arobaini, ni afadhali mpigapicha aitwe nyumbani. Dirisha kubwa lisilopigwa na jua moja kwa moja hutoa mwanga wa kutosha.

Mtoto huanza kutabasamu kwa kumjibu mtu kati ya wiki ya sita na ya nane. Anapokaribia miezi sita watoto wengi huweza kukaa kwa kushikiliwa kidogo, na anapotimiza mwaka huwa anasimama au anajaribu. Hizo ndizo nyakati zinazofaa zaidi.

Siku ya kliniki iepukwe. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, pamoja na ile ya surua ya miezi 9, huweza kumletea mtoto homa na usumbufu. Ni vema kuacha siku mbili au tatu zipite. Aidha, muda upangwe kufuata usingizi wa mtoto, si nafasi ya wakubwa. Mtoto aliyetoka kulala na kunyonya huvumilia. Mwenye njaa hatulizwi na kichezeo chochote.

Mwanga wa nje

Familia zinazopenda picha za nje huelekea ufukwe wa Coco, Kawe au Kigamboni. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hukaa karibu na utosini na kuacha vivuli vyeusi machoni. Saa zinazofaa ni kati ya saa 1:00 na saa 3:00 asubuhi, au kuanzia saa 10:30 jioni hadi kabla ya jua kuzama. Katika majira ya masika, Machi hadi Mei, inafaa kukubaliana mapema na mpigapicha kuhusu siku mbadala iwapo mvua itanyesha.

Mavazi na mapambo

Sare ya kitenge kwa familia nzima hupendeza, lakini maua makubwa kwa kila mtu huzifunika sura. Ni bora mama na mtoto wavae kitenge, na wengine wavae rangi moja iliyomo ndani ya kitenge hicho. Nguo nyeupe sana huidanganya kamera ikapunguza mwanga, na sura za watu weusi zikatoka giza. Mpigapicha mzoefu hulirekebisha hilo kwa kupima mwanga usoni, si kwenye nguo.

Poda nyeupe inayopakwa shingoni na usoni mwa mtoto huonekana kama jivu mbele ya flashi, na vumbi lake si salama kwa mapafu yake. Mafuta mengi nayo hung'aa. Wanja uachwe kabisa, kwa kuwa baadhi huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Usalama kwanza

Mtoto asiwekwe juu ya meza, kwenye kapu au kochi bila mkono wa mtu mzima kuwa karibu. Ile mikao ya mtoto mchanga kushika kidevu kwa mikono yake hutengenezwa kwa kuunganisha picha mbili kwenye kompyuta, huku mtu akimshikilia, isijaribiwe vinginevyo. Feni na kiyoyozi visimwelekee mtoto aliyevuliwa nguo, na mwenye kikohozi, hata kama ni mpigapicha, akae mbali naye.

Picha ya kundi lote ianze, wakati mtoto bado ana utulivu. Wazee wapewe viti, na mtoto apakatwe na bibi au babu ili sura zikaribiane kwa kimo.

Makubaliano

Kabla ya kulipa, mzazi aulize idadi ya picha, saizi za kusafishwa, siku ya kuzichukua, na iwapo atapewa nakala tepe zote. Vilevile aulize kama studio itazitumia picha hizo kwa matangazo mitandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Hivyo mzazi asiyetaka sura ya mwanawe isambae ana haki ya kukataa, na ni vema akatae kwa maandishi.

Mwisho, nakala zihifadhiwe mahali pasipopungua pawili nje ya simu, na angalau picha moja isafishwe na kuwekwa kwenye fremu au albamu.