Programu huria si mali isiyo na mwenyewe

WENGI hudhani kwamba programu huria ya kompyuta ni mali ya umma, ambayo yeyote anaweza kuichukua, kuibadilisha na kuiuza kama yake. Dhana hiyo si sahihi. Programu huria ina mwenye hakimiliki, sawa na kitabu. Tofauti ni kwamba mwenyewe ametoa idhini mapema kwa maandishi, na idhini hiyo ina masharti. Asiyeyatimiza hubaki bila idhini, na hujikuta chini ya sheria ya kawaida ya hakimiliki.

Leseni inayojulikana zaidi ni GPL, ambayo Richard Stallman wa Marekani aliianzisha mwaka 1989. Toleo la pili lilitoka mwaka 1991, na ndilo linalotawala kiini cha Linux hadi leo. La tatu lilifuata mwaka 2007. Kwa mujibu wa leseni hiyo, kila mtu yu huru kuitumia programu, kuichunguza na kuirekebisha, na akiirekebisha kwa matumizi yake binafsi hadaiwi chochote. Wajibu huanza pale anapoisambaza. Hapo, kazi iliyotokana na programu ile sharti itolewe chini ya leseni iyo hiyo, na wanaoipokea wapewe haki ya kupata msimbo asilia, yaani maandishi ambayo mwanaprogramu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Kuuza hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kuwafungia wengine mlango ambao mwuzaji mwenyewe aliukuta wazi.

Kampuni ya Linksys ililijua hilo mwaka 2003, ilipobainika kwamba ruta yake ya WRT54G ilikuwa ikiendeshwa na Linux ilhali msimbo haukuwa umetolewa. Baada ya shinikizo, msimbo huo ulitolewa, na kutokana nao ukachipuka mradi wa OpenWrt, unaotumika katika ruta za kampuni nyingi.

Mahakama nazo zimeunga mkono masharti hayo. Mwaka 2004, mahakama ya Munich, Ujerumani, iliizuia kampuni ya Sitecom kusambaza programu ya ruta zake bila kuitii GPL, katika kesi iliyowasilishwa na mwanaprogramu Harald Welte. Mwaka 2008, mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua, katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, kwamba kuvunja masharti ya leseni huria kwaweza kuwa ukiukaji wa hakimiliki, wala si uvunjaji wa mkataba tu. Ajabu ni kwamba kesi hiyo nzito ilihusu programu ya kuendeshea treni za kuchezea.

Swali gumu ni hili: kazi iliyotokana na nyingine huishia wapi? Anayenakili msimbo na kuubadilisha hana ubishi. Tafsiri pia imo: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, walifanya hivyo kwa ruhusa ambayo leseni ilikuwa tayari imeitoa. Lakini programu mpya inayoegemea maktaba ya GPL bila kuinakili ndani yake huwagawanya wanasheria hadi sasa. Ndiyo maana ipo LGPL, leseni nyepesi inayoruhusu maktaba kutumiwa na programu zilizofungwa. Linus Torvalds naye aliambatanisha maelezo kwamba programu zinazotumia huduma za kawaida za kiini cha Linux hazihesabiwi kuwa zimetokana nacho.

Leseni za MIT na BSD hazina ukali huo. Hudai hasa kwamba tangazo la hakimiliki na masharti yake yahifadhiwe.

Hata hivyo, GPL iliacha mwanya. Anayeibadilisha programu na kuiendesha katika seva yake, watu wakiitumia kupitia intaneti, hajaisambaza, hivyo halazimiki kutoa msimbo. Leseni ya AGPL ya mwaka 2007 iliuziba: watumiaji hao wa mbali nao wana haki ya kuupata. Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya mwaka 2008 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi, umetumia leseni hiyo katika matoleo yake ya baadaye.