Saa ya babu ya kutia ufunguo: ijue kabla hujaiuza wala kuifungua

Katika nyumba nyingi za Mbeya na Iringa ipo saa ya mkono ya zamani, imefungwa kitambaani ndani ya sanduku au inaning'inia msumarini. Haina betri. Wenyewe huiona kama chuma chakavu, mpaka siku anapopita mnunuzi na kutaja bei ya harakaharaka. Makala haya yanakueleza saa hiyo ni kitu gani, inafanyaje kazi, na ufanye nini ili isifie mikononi mwako.

Zilifikaje huku kwetu?

Kabla ya Uhuru, vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini walisafiri kutafuta mshahara. Wapo walioenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya. Wapo walioenda migodi ya shaba katika nchi ambayo leo ni Zambia. Na wapo waliofika migodi ya Afrika Kusini kupitia shirika la kuandikisha vibarua lililojulikana kama WENELA. Saa ya mkono ilikuwa miongoni mwa vitu vya kurudi navyo nyumbani. Baadaye walimu, makarani na wafanyakazi wa reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, nao walihitaji saa kazini.

Nyingi zilitengenezwa Uswisi, kisha zikaja za Japani, kama Seiko 5 iliyoanza kuuzwa 1963. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni hiyohiyo ya Seiko ilitoa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuuzwa kwa watu. Saa za betri ziliposhuka bei, saa za ufunguo zikawekwa kando. Ndiyo maana saa ya babu inaweza kuwa na miaka 50 au zaidi.

Inafanyaje kazi?

Unapozungusha kifundo cha pembeni, unakaza kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliojikunja ndani. Kamani hujikunjua polepole na kusukuma magurudumu madogo yenye meno. Mwisho wa safu hiyo lipo gurudumu linalocheza huku na huku, likiruhusu nguvu ipite kidogokidogo. Ule mlio wa tiki-tiki unatoka hapo. Saa nyingi za zamani hupiga mara 5 kwa sekunde, sawa na mara 18,000 kwa saa moja. Saa za otomatiki zina kipande kizito kinachozunguka mkono unapotembea, nacho hukaza kamani.

Namba 17 au 21 iliyoandikwa usoni mwa saa mara nyingi ni idadi ya vito vilivyomo. Hivyo ni vijiwe vya rubi vinavyotengenezwa kiwandani ili kupunguza msuguano. Mtu akikwambia aifungue akutolee "madini", mkatalie. Nje ya saa vijiwe hivyo karibu havina thamani, na saa itakuwa imekufa.

Matumizi ya kila siku

- Tia ufunguo mara moja kwa siku, wakati uleule, ukiwa umeivua mkononi. Kifundo kikigoma, simama hapo.
- Irekebishe kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari. Tumia redio ya masafa, kwa sababu matangazo ya intaneti huchelewa. Saa ya umri huo ikipishana nusu dakika kwa siku, bado ni nzima.
- Kama ina tarehe, usiibadilishe kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri. Muda huo meno ya tarehe huwa yameshikana na unaweza kuyavunja. Tarehe ikigeuka saa sita mchana badala ya usiku, isogeze mbele kwa saa 12.
- Usiiweke juu ya spika ya redio. Spika ina sumaku, na saa ikishika sumaku huanza kukimbia ovyo. Fundi mwenye kifaa cha kuondoa sumaku huimaliza kazi hiyo kwa dakika chache.
- Usiamini maandishi ya kuzuia maji kwenye saa ya zamani. Mipira yake imeshachoka. Ukiona ukungu ndani ya kioo, hasa msimu wa mvua au baridi ya Juni na Julai, ipeleke kwa fundi mapema kabla kutu haijaingia.

Mafuta, na hatari moja ya kujua

Mafuta ya ndani hukauka hata saa ikikaa sandukuni. Saa iliyolala miaka mingi usiitie ufunguo kila siku kabla ya kusafishwa, maana vyuma vitasagana. Usidondoshee mafuta ya kula wala ya cherehani. Tafuta fundi saa anayeifungua yote, kuisafisha na kuitia mafuta yake maalumu.

Saa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 na kung'aa gizani zinaweza kuwa zimepakwa rediamu, madini yenye mionzi. Mng'ao huweza kuisha lakini mionzi ikabaki, kwa kuwa rediamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Usifungue kioo, usikwangue namba, usiwape watoto kuchezea, na mwambie fundi mapema ili asivute vumbi lake.

Kabla ya kuuza au kununua

Ukipata mnunuzi, usikubali bei siku hiyohiyo. Piga picha uso wa saa na mgongo wake, andika jina na namba zilizochongwa, kisha ulizia kwa mafundi wawili, iwe Mwanjelwa au soko kuu la Iringa. Usiisugue wala kupaka uso wake rangi ili ionekane mpya, kwani wakusanyaji hulipa zaidi kwa uso wa asili hata ukiwa na madoa. Nawe ukiwa mnunuzi, omba ifunguliwe uone mashine. Jina la ndani lisipolingana na la nje, huenda hiyo ni saa ya kuungaunga.

Na kama saa ni ya marehemu, kaeni kwanza kama ndugu mkubaliane ataitunza nani. Saa iliyouzwa kimyakimya na mmoja ni vigumu kuipata tena, na ugomvi wake unaweza kudumu kuliko hela yenyewe.