Ng'ombe wa Baba, Makaratasi ya Mama

Jumamosi soko la Lyulilo, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, huamka mapema kuliko siku nyingine. Mitumbwi kutoka Ikombe inagusa mchanga ikiwa imesheheni vyungu, na akina mama wa Kikisi, waliovifinyanga kwa mikono yao bila gurudumu, wanavishusha kimoja kimoja na kuvipanga ufukoni, milima ya Livingstone ikiwa imesimama nyuma yao kama ukuta. Mnunuzi mzoefu hamalizi kwa macho. Anakiinua chungu, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kikilia vizuri, ndipo bei inapoanza.

Hapo sokoni nilimsikia bibi mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, akimuuliza muuzaji kama chungu cha ukubwa ule kinaweza kupanda ndege. Mwanawe yuko Kanada na anamtafutia makaratasi. Watu wakacheka, maswali yakaanza: makaratasi gani, ya kutembea au ya kukaa moja kwa moja? Bibi akaeleza alivyoelezwa kwenye simu, kwamba mtoto anaandikiana na serikali ya kule, anaahidi kumtunza, anakuwa mdhamini wake. Mzee aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akadakia: "Yaani anakuwekea dhamana, kama mahabusu?"

Utani huo umenikaa kichwani. Katika Kiswahili chetu cha kila siku anayewekewa dhamana ni aliyeko rumande, au mkopaji asiyeaminika na benki. Mzazi hakuwamo katika orodha hiyo. Na katika nchi hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, dhamana kati ya mzazi na mtoto ina historia ndefu, ila kwa muda mrefu ilielekea upande mmoja tu.

Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta utaratibu ambao haukuwa na mfano wa karibu mahali pengi Afrika. Monica aliueleza katika kitabu chake cha 1951 kiitwacho Good Company. Watu walikaa kwa rika. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na mmoja, aliacha kulala kwa wazazi na kwenda na wenzake kujenga vibanda pembeni mwa kijiji cha baba zao. Usiku walilala kwao, lakini tumbo lilibaki kwa mama: walizunguka kwa makundi, leo wanakula kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mchana walilima shamba la baba. Walipokua waliwaleta wake zao palepale, na kibanda cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima.

Nani aliyelipa mahari? Baba. Ng'ombe walitoka katika zizi lake, na kijana asiyekuwa na ng'ombe wa baba alingoja, wakati mwingine mpaka miaka ishirini na kitu. Kama kuna neno la kueleza nafasi ya baba yule, ni mdhamini: ndiye aliyesimama mbele ya wakwe na kusema kijana huyu anafaa. Mtoto alilipa deni hilo kwa jembe.

Kisha, mara moja katika kila kizazi, ilifika sherehe ya ubusoka, yaani kutoka. Utawala ulihamia kwa vijana, malafyale wapya, yaani machifu, wakatambulishwa, na kizazi cha baba kikasogea pembeni kuwapisha. Kwa hiyo wazee wa Unyakyusa walijua kuhama. Lakini hawakuhama kwenda kukaa chini ya dari ya mtoto. Walihama pamoja na wenzao, wakaendelea na ukwangala, ule utamu wa kukaa na watu wa rika lako, kula nao na kupiga nao soga, ambao Wilson aliuona kuwa moyo wa maisha yote yale.

Lilikuwepo pia jambo la mkwe. Mke wa kijana hakutakiwa kuonana na baba mkwe wake hata kidogo. Akimwona anakuja, aliiacha njia na kujificha. Jina lake hakulitamka, wala maneno yanayofanana nalo. Wanyakyusa wenyewe walimweleza Wilson kuwa hiyo ni moja ya sababu za baba na mwana kukaa vijiji mbalimbali. Sasa mfikirie mzee wa Matema aliyelelewa katika adabu hiyo, ameshushwa katika mji wa theluji, nyumba ya vyumba viwili, bafu moja, na mke wa mwanawe ndiye anayempimia dawa ya presha. Fomu ya uhamiaji haina kisanduku cha kuuliza habari hizo.

Tukiacha ng'ombe, mzazi alikuja kuwa mdhamini wa namna nyingine, na hii ililetwa na mto. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba uliogawa nchi hizi, na mto Songwe ukawa mpaka. Ng'ambo ya mto, upande wa Malawi ya leo, wako Wangonde wa chifu Kyungu, watu ambao lugha yao na ya Wanyakyusa ni moja kwa kiasi kikubwa. Mto wenyewe si mpaka mwaminifu: kila ukifurika unajichimbia njia mpya, na shamba lililolala upande huu linaweza kuamka upande ule. Kwa miaka sabini jambo hilo halikuwasumbua sana watu, kwa kuwa pande zote mbili baada ya Vita vya Kwanza zilikuwa chini ya Mwingereza.

Uhuru ndio ulioleta swali. Kwa sheria ya uraia iliyoanza kazi tarehe 9 Desemba 1961, kuzaliwa Tanganyika peke yake hakukutosha kumfanya mtu raia siku ile. Ilitakiwa pia mzazi wake mmoja awe amezaliwa Tanganyika. Malawi nayo, ilipojitawala tarehe 6 Julai 1964, ikaweka sharti la aina hiyohiyo kwa upande wake. Fikiria maana yake kwa familia iliyooana kuvuka mto: uraia wa mtu mzima mwenye wajukuu ulitegemea mama yake alijifungulia wapi na bibi yake alijifungulia wapi, miaka ambayo hakuna aliyeandika lolote. Mzazi, hai au marehemu, ndiye aliyemwekea mtoto dhamana mbele ya serikali.

Dhamana ya ng'ombe yenyewe ilikuwa imeshaanza kulegea kabla ya hapo, na mchimbaji wake alikuwa mshahara. Kwanza ilikuja dhahabu ya Lupa huko Chunya, ikafuata shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, kisha Wenela, wakala aliyekusanya vijana kwa ajili ya migodi ya Afrika Kusini. Kijana aliyerudi na fedha zake alinunua ng'ombe mwenyewe na kuoa mapema, bila kungoja zizi la baba. P. H. Gulliver, mwanaanthropolojia aliyeandika kuhusu uhamaji wa vibarua wa Kinyakyusa mwaka 1957 na kuhusu ardhi mwaka 1958, aliukuta mfumo wa vijiji vya rika umeshachakaa: mpunga na kahawa vilikuwa vimeipandisha ardhi thamani, na hakuna baba aliyekuwa tayari kusogea pembeni.

Lakini Wenela haikuchukua wazazi. Mkataba ulikuwa wa mwanamume mmoja, kitanda kimoja kambini, na siku ya kurudi ilikuwa imeandikwa. Sera nzima ya migodi ilijengwa juu ya dhana kwamba gharama ya kulea watoto na kutunza wazee itabebwa na mgomba wa nyumbani. Serikali ya Tanganyika iliukomesha uajiri huo mara baada ya uhuru, na mkondo ukageukia Usangu, Mbeya mjini na Dar es Salaam. Huko mtu aliweza kumchukua mama yake bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na mama aliweza kuchoka baada ya wiki tatu na kudai nauli ya basi.

Kwa hiyo mtoto kumdhamini mzazi kwa maandishi ni jambo jipya kabisa kwetu, na limetoka mbali. Marekani ililipa sura yake ya leo mwaka 1965, sheria ya uhamiaji ilipowaweka wazazi wa raia katika kundi la ndugu wa karibu wasiohesabiwa katika ukomo wa viza. Masharti ni mtoto awe raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi, na aape kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Bibi na babu hawamo. Kanada inawapokea hata bibi na babu, na mtoto anayedhamini si lazima awe raia, ukazi wa kudumu unatosha, lakini mlango wenyewe ni mwembamba. Novemba 2011 waliufunga. Walipoufungua Januari 2014 waliweka maombi 5,000 kwa mwaka, na ahadi ya kumtunza mzazi ikapandishwa kutoka miaka 10 hadi 20. Mwaka 2017 ikaja bahati nasibu. Waliojiandikisha mwaka 2020 ndio waliendelea kuchaguliwa miaka iliyofuata, hivyo aliyefika baadaye hakuwa hata na tiketi. Uingereza, tangu Julai 2012, inataka mzazi awe hawezi kujihudumia na awe hawezi kupata huduma hiyo kwao hata kwa fedha. Mzee mwenye nguvu za kupanda mpunga hapo hana kesi.

Sasa fundo. Mtoto wa Kyela aliyebeba maboksi Texas mpaka akapata grini kadi hawezi kumleta mama yake kwa kadi hiyo. Lazima kwanza awe Mmarekani. Na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 inasema mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa hapa unaondoka. Uraia alioupata kwa sababu ya mama yake anauacha ili aweze kumchukua mama yake. Haiishii hapo. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilipopitishwa ilisema asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na shamba la mpunga la ukoo si uwekezaji machoni pa mtu yeyote. Mama akiondoka na mtoto akiwa mgeni, nani anabaki na mgomba? Mazungumzo ya miaka ya karibuni kuhusu hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania yamezaliwa na maswali kama hili, na nadhani yangeanza mapema zaidi kama wabunge wangekaa Jumamosi moja Lyulilo.

Wengi wanachagua njia ya kati. Kanada ina viza ya wazazi iliyoanza Desemba 2011, ambayo sasa inamruhusu mzazi kukaa hadi miaka mitano kwa safari moja bila kuwa mkazi, mradi mtoto akate bima ya afya ya dola 100,000 za kule. Hiyo ndiyo aliyoishia kuombewa jirani yetu. Atakwenda mpunga ukishavunwa, amesema, na chungu chake kitabaki.

Kikwazo chake cha mwisho kilikuwa umri. Hana cheti cha kuzaliwa, kama wazee wengi wa rika lake. Anachojua ni kwamba alizaliwa siku chache baada ya habari ya Vipya kufika, ile meli iliyozama ziwani tarehe 30 Julai 1946 na kuua watu zaidi ya mia moja. Mimi nilidhani huo ni ushahidi bora kuliko wa wengi. Karani aliyejaza hati alisikiliza nusu, akachukua mwaka na kuacha mengine, akaandika 1 Januari 1946. Tulipomsomea, bibi aliicheka hati mpaka akakaa chini.

"Januari? Januari mama yangu yuko shambani anapalilia, na mimi nimo tumboni bado sijashika hata miezi mitatu."