Rafadha ya ndege ndogo: Ifunge ipasavyo, isikukate vidole

Na Mwandishi Wetu, Serengeti

KWA wakazi wa Ikoma, wilayani Serengeti mkoani Mara, tembo ni jirani wa kila msimu. Mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa, wanyama hao huvuka mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kuingia mashambani, mara nyingi usiku.

Miongoni mwa mbinu zilizojaribiwa katika miaka ya karibuni kuwafukuza ni ndege ndogo zisizo na rubani, yaani droni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kisayansi la Oryx ulionyesha kuwa ndege hizo ziliwaondoa tembo mashambani kwenye mipaka ya hifadhi za Tanzania. Upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, taasisi ya Mara Elephant Project nayo imezitumia kwa kazi hiyo hiyo.

Kinachomkimbiza tembo zaidi ni mlio wa rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi. Hata hivyo, kifaa hicho ndicho kinachoweza kumjeruhi mrushaji mwenyewe.

Hesabu ni rahisi. Rafadha yenye upana wa sentimita 24, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa mwendo wa kilomita 270 hivi kwa saa. Kwa ndege za modeli zinazotumia injini ya mafuta, rafadha ya sentimita 25 inayozunguka mara 10,000 kwa dakika hupita kilomita 450 kwa saa. Jicho huona duara la ukungu tu, lakini kidole kikigusa hapo hukutana na kisu.

Betri nje kwanza

Kanuni ya kwanza ni kuondoa betri kabla ya kugusa rafadha. Fundi anayetaka kujaribu mota au kurekebisha programu ya droni ndani ya nyumba hana budi kuzivua rafadha zote, kwa kuwa mota inaweza kuwaka bila kutarajiwa.

Pili, ni lazima kutambua upande. Droni ya rafadha nne huwa na mbili zinazozunguka kufuata mwelekeo wa saa na mbili zinazozunguka kinyume chake. Watengenezaji huziwekea alama za rangi zinazolingana na alama zilizo kwenye mota. Zikibadilishana nafasi, droni hupinduka papo hapo inapojaribu kupaa, na aliyesimama karibu ndiye anayeumia.

Aina nyingine za rafadha hujikaza zenyewe mota inapozunguka. Hizo hukazwa kwa mkono hadi zitulie, bila gundi. Zile za kubonyeza na kuzungusha hukaguliwa kwa kuvutwa taratibu, kuhakikisha zimenasa.

Tatu, ukaguzi. Pitisha ukucha kwenye kingo za kila panga. Likiwa na ufa, pengo au limepinda, tupa rafadha nzima. Kuiunga kwa gundi ni hatari, kwa sababu inapozunguka kila panga huvutwa kwenda nje kwa nguvu kubwa. Aidha, rafadha isiyo na uzito sawa pande zote huleta mtetemo unaolegeza nati na kuharibu mota.

Injini za mafuta

Kwa wapenzi wa ndege za modeli, tundu la rafadha linapaswa kuenea barabara kwenye shafti ya injini, bila kuchezacheza. Rafadha ya kawaida ya mbele hufungwa upande wenye maandishi ukielekea mbele ya ndege, kisha hufuata washa na nati, na kukazwa kwa spana ya saizi yake. Koleo huharibu nati. Rafadha ya mbao hubonyea kidogo, hivyo nati yake hukaguliwa tena baada ya injini kuwaka mara ya kwanza.

Wakati wa kuiwasha, ndege ishikwe imara na msaidizi, na rafadha izungushwe kwa kijiti maalumu au kiwashio cha umeme, si kwa kidole kitupu. Injini ikishawaka, mrushaji ahamie nyuma ya rafadha na kufanya marekebisho akiwa huko, bila kupitisha mkono juu yake. Mikufu, tai na mikono mipana ya nguo haina nafasi hapo.

Asiwepo mtu, hasa mtoto, ubavuni mwa rafadha inayozunguka. Panga likikatika hurukia upande huo.

Usiku wa tembo

Hatari huongezeka pale kazi inapofanywa gizani na kwa haraka, huku mazao yakiliwa. Ndiyo maana inafaa rafadha zifungwe na kukaguliwa mchana, mtu mmoja akifunga na mwingine akikagua. Betri iingizwe mwishoni, mahali pa kurukia, na droni isidakwe kwa mkono inapotua.

Ikumbukwe pia kuwa urushaji wa droni nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na ndani ya hifadhi za taifa huhitajika ruhusa ya TANAPA.

Akitokea mtu kukatwa, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe juu na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Shamba lililoliwa leo hulimwa tena msimu ujao, lakini kidole kikikatika hakioti tena.