Walitoka kanisani, wakabeba Biblia

Kila nikisema mimi ni Mkristo, kuna msee ananiambia hiyo ni dini ya mzungu. Sawa, lakini cheki 1929. Wamishonari Waskoti kule Kikuyu waliwataka waumini waweke kidole gumba, ile kirore, kukataa tohara ya wasichana na pia chama cha KCA. Wengi wakatoka. Kuhusu kisu, wamishonari hawakukosea, nasema wazi. Kuingiza siasa hapo? Zii. Lakini waliotoka hawakutupa Biblia! Walijenga shule na makanisa yao, na 1935 wakamleta Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini awafunzie makasisi. Mimi pia nina maswali mob kwa pasta, na Jumapili bado nitakaa mstari wa mbele.