Kuwahi maziko ya mzazi kando ya Mto Tana

Katika Nanighi na vijiji vingine vya Waislamu vya ukingoni mwa Mto Tana, mzee akifariki alfajiri, alasiri keshazikwa. Anaoshwa kwa maji ya majani ya mkunazi, anatiwa karafuu maiti, anavishwa sanda: nguo tatu kwa mwanamume, tano kwa mwanamke. Mwana wa kiume ndiye hutarajiwa kushuka kaburini kumlaza baba kwenye mwanandani kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Akiwa Mombasa au Nairobi, atawahi vipi?

Kwa miaka mingi waliokuwa mbali walitegemea redio. Sauti ya Kenya, na baadaye KBC, ilisoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, wanawe na wanakofanya kazi. Familia za bara zilizohamia mradi wa umwagiliaji wa Bura ziliyapata kwa wakati, kwa kuwa maiti wao aliweza kungoja siku kadhaa. Mwana wa Nanighi alisikia tangazo la babaye mzee akiwa keshafukiwa. Hapo aliwahi hitima tu, ingawa madhehebu ya Shafii yanamruhusu aliyekosa sala ya jeneza kumsalia marehemu penye kaburi, na wengi walifanya hivyo kabla hata ya kuingia nyumbani.

Simu ya mkononi iliondoa tatizo la habari. Tangu M-Pesa ianze 2007, hata mchango wa sanda na chakula cha wageni hufika kabla ya mfiwa mwenyewe.

Kisha ikaja korona. Kuanzia tarehe 6 Aprili 2020 hadi mapema Julai, Nairobi ilifungwa. Hakukuwa na kutoka wala kuingia bila kibali. Mazishi yakawekewa kikomo cha watu 15. Kuna waliofuatilia maziko ya mama kwa simu, wakahaniwa na majirani wao wa Eastleigh, Nairobi. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu kubwa kuliko barakoa na kafyu.

Kikwazo kilichobaki ni mto wenyewe. Ulifurika 1961, ukafurika wakati wa El Niño ya 1997, na mwaka 2024 ukaikata barabara ya Garissa hapo Kona Punda, karibu na Madogo. Wasafiri wakavushwa kwa boti. Mwishoni mwa Aprili moja ikapinduka na watu wakafa.

Ukiitwa msibani wakati wa masika, uliza kwanza kama Madogo kunapitika, na usipande boti iliyojaa.