Panya, Baridi na Ubongo



Aliyewahi kupanda kwa miguu kutoka msitu wa Walikale mpaka malisho ya Masisi anaijua baridi bila kufundishwa. Mji wa Walikale hauifikii mita 1,000 juu ya bahari, lakini vilima vingi vya Masisi vinapita mita 2,000. Kule chini jasho humtoka mtu hata usiku; huku juu ukungu wa asubuhi humkuta akitetemeka. Je, ni nani anayeviamuru viungo vyake vitetemeke? Ni ubongo. Wataalamu walilitambua jambo hilo kwa kuwachunguza wanyama wadogo, na hasa panya. Tusikilize habari zao, maana zina faida kwetu.

Mwaka 1912 daktari Henry Barbour aliingiza mrija mwembamba katika ubongo wa sungura, akapitisha maji ndani yake. Maji yalipokuwa baridi, mnyama alitetemeka na joto la mwili wake likapanda. Maji yalipokuwa ya moto, joto lake likashuka. Kumbe chini ya ubongo kuna mlinzi wa joto! Mahali pale huitwa haipothalamasi, na kwa mtu mzima uzito wake ni karibu gramu 4 tu.

Baadaye, mwaka 1936, daktari Hans Selye wa Montreal, Kanada, aliandika habari za panya wake. Wengine aliwaweka penye baridi, wengine aliwajeruhi, wengine aliwachosha kwa kazi au aliwapa dawa kali. Alipowapasua, aliona dalili zilezile kwa wote: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tezi ya kifuani imenyauka, na tumbo lina vidonda. Tena aliona kwamba taabu ikiendelea, mnyama hupita hatua tatu. Kwanza mwili hushtuka. Kisha huzoea, na kwa macho huonekana mzima. Lakini baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu nguvu humwishia, na dalili za kwanza hurudi. Basi kuzoea baridi si kupona baridi. Ni kulipa deni kila siku kutoka katika akiba.

Ubongo unatumaje amri zake? Kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni damu: haipothalamasi hutoa kemikali inayoiamsha tezi ndogo iliyo chini yake, nayo tezi hiyo huziamsha zile za juu ya figo. Kemikali hiyo ilitambuliwa mwaka 1981 na Wylie Vale na wenzake huko California. Njia ya pili ni mishipa ya fahamu. Mwaka 1978 Foster na Frydman, huko Ottawa, walionyesha kwamba panya waliozoea baridi hupata joto lao jingi katika mafuta ya rangi ya kahawia, ambayo huwaka kama makaa kwa amri ya ubongo. Mtoto mchanga naye anayo mafuta hayo katikati ya mabega. Yanamfaa sana, kwa kuwa bado hawezi kutetemeka vizuri.

Lakini makaa bila kuni huzimika. Panya mdogo akipatwa na baridi pamoja na njaa, ubongo wake huacha kupigana: hushusha joto la mwili, naye huzubaa kama aliyelala. Mwaka 2020 wataalamu wa Japani na wa Marekani walitambua seli za ubongo zinazoleta hali hiyo. Panya huweza kuamka tena. Mtoto wa mtu hana kimbilio hilo. Mtoto aliyekondeana akipoa, anakaribia kufa.

Ndugu zangu, hapo ndipo habari za panya zinapotugusa. Mapigano yalianza Ntoto, katika Walikale, mwaka 1993, yakaenea Masisi. Na tangu hapo watu wengi wamekimbia makwao si mara moja tu. Mama aliyetoka bondeni na kulala mlimani chini ya turubai, na mtoto wake hajala, anabeba mizigo miwili kwa pamoja. Waganga wanaowatunza watoto waliokonda wana kanuni moja: mlishe mtoto kidogo kidogo mara nyingi, hata usiku, tena mfunike pamoja na kichwa chake, au mlaze kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ya kifuani ilianza kutumiwa hospitalini huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, kwa sababu vyombo vya kuwapasha joto havikutosha.

Basi mgeni akibisha hodi usiku wa baridi, tusimpe uji na kumwacha bila blanketi, wala tusimpe blanketi na kumwacha na njaa. Blanketi huhifadhi moto, na uji ndio kuni zake.